Vitu vya Wazee Katika Nyumba za Mji

Mazungumzo kwa wakaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi



Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, si rahisi kuikuta familia ya siku nyingi isiyo na kitu kimoja kilichokuja mjini ndani ya mzigo wa babu au nyanya. Huenda ni kiti cha miguu mitatu, au kibuyu kilichoshonwa pale kilipopasuka, au nyatiti iliyokatika nyuzi, au kasha la pwani lililopigiliwa misumari ya shaba. Kitu hicho hukaa juu ya kabati au chini ya kitanda, pamoja na viatu visivyovaliwa. Watoto hawakijui hata jina. Kisha siku moja hupita mtu mwenye maneno laini, akauliza mlango kwa mlango kama kuna vitu vya zamani vya kuuza. Na kiti kile huondoka kwa fedha zisizotosha kununua unga wa juma moja.

Mazungumzo haya yahusu kiti hicho na wenzake: kwa nini watu wa mbali hukitafuta, ni nani apataye faida, na mwenye nyumba afanye nini kabla hajakitoa mlangoni.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Wageni wengi wafikao Nairobi hutaka kununua barakoa za kale za Kenya, na wauzaji, kwa kutopenda kuwavunja moyo, huwauzia. Lakini makabila mengi ya Kenya hayakuwa na desturi ya kuvaa uso wa mti. Wakikuyu hawakuwa nayo, wala Wakamba, wala Wamasai. Ule uso wa Mmasai wenye masikio marefu na shanga za rangi, utundikwao ukutani katika hoteli, ni kazi iliyobuniwa kwa ajili ya watalii. Hakuna Mmasai aliyeuvaa katika ngoma yo yote. Barakoa za asili zionekanazo katika maduka ya Nairobi zilitoka mbali, nyingi Kongo na Afrika ya Magharibi, na nyingine kwa Wamakonde wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji.

Hao Wamakonde wana kitu kiitwacho lipiko. Ni kichwa kizima cha mti mwepesi, kilichokombwa ndani, ambacho mchezaji hukivika juu ya kichwa chake mwenyewe, na mara nyingine hubandikwa nywele halisi za mtu. Mapiko huchezwa vijana watokapo jandoni, na zamani wanawake na watoto hawakupaswa kujua aliye ndani ni nani. Kwa Walega wa Kongo ya mashariki desturi ilikuwa nyingine kabisa. Barakoa yao ndogo, ya mti au ya pembe ya ndovu, haikuwa lazima ivaliwe usoni: mtu aliweza kuishika mkononi au kuitundika kwenye ua, nayo ilionyesha daraja aliyofikia katika chama cha Bwami. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Kwa hiyo kitu ambacho mgeni hukiona kuwa pambo la ukuta kilikuwa, kwa mwenyewe, kama cheti na heshima ya mtu. Na kikitolewa kwa mwenyewe bila habari zake, hubaki mti wenye macho tu.

Basi je, Kenya haikuwa na sanaa? Ilikuwa nayo tele, ila ilikaa katika vitu vya matumizi. Wazee wa Kikamba walikalia viti vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyuzi za shaba zilizogongwa ndani ya mti hata zikawa sawa na uso wake. Vijana wa Kikuyu, kabla ya kutahiriwa, walicheza wakiwa wamevaa katika mkono wa kushoto ngao ya mti iitwayo ndome, yenye tundu la kupitisha mkono na mistari ya rangi. Ngao hiyo haikuwa ya vita, ilikuwa ya ngoma. Waturkana walichonga kigogo kidogo ambacho mchana hukaliwa na usiku huwekwa chini ya kichwa ili nywele zilizotengenezwa zisiharibike. Lamu kulikuwa na viti vya enzi na milango ya nakshi. Vitu hivyo vyote leo hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na ndome nzuri ni rahisi zaidi kuiona katika jumba la makumbusho ng'ambo kuliko katika nyumba yo yote ya Murang'a.

Uchongaji wa vinyago vya kuuza ni jambo jingine, nalo ni jipya kuliko watu wadhanivyo. Mtu atajwaye kuwa mwanzilishi ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Yeye alikwenda Tanganyika zamani za Vita Kuu ya Kwanza, na inasimuliwa ya kwamba huko alijifunza kuchonga sanamu kutoka kwa Wazaramo walio karibu na Dar es Salaam. Vita vilipokwisha alirudi kwao akaanza kuchonga. Jamaa zake wakamfuata, na majirani wakafuata jamaa. Wakamba walikuwa mafundi wa miti tangu zamani, hodari wa viti, miiko na vyombo, kwa hiyo tezo haikuwa ngeni mikononi mwao. Kufika miaka ya 1950, swala na twiga wa Wamunyu walikuwa wakiuzwa Nairobi na Mombasa na kupelekwa ng'ambo kwa meli, na mwaka 1958 mwanachuoni Walter Elkan alichapisha makala nzima juu ya biashara hiyo ya Afrika Mashariki, ambayo Wakamba waliijenga kwa juhudi zao wenyewe. Wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe. Wa Nairobi waliweka vibanda vyao Gikomba, kando ya Pumwani, ambako mlio wa tezo husikika pamoja na kelele za mitumba.

Msikilizaji na aangalie jambo moja la ajabu kidogo. Soko la Kariokor, ambalo kina mama na mafundi wa ngozi wamelifanya maarufu kwa viondo, shanga na makubadhi, lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha vita vile vile vilivyompeleka Mutisya Tanganyika. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao hawakurudi. Mmoja aliyerudi kutoka vita hivyo alirudi na kazi ya mikono ambayo imelisha nyumba nyingi kwa zaidi ya miaka mia.

Sasa, kinyago kipya kilichochongwa vizuri si aibu kwa mtu ye yote. Mchongaji wa Gikomba amwambiaye mnunuzi, "Hiki nimekimaliza jana," anauza kazi yake kwa haki. Ubaya huanza pale kipya kiuzwapo kwa jina la kale. Njia za kukizeesha kitu zajulikana na wengi. Hupakwa rangi ya viatu, au maji ya chai iliyokolea. Hutundikwa juu ya moshi. Hufukiwa ardhini penye unyevu kwa majuma machache ili udongo uingie katika nyufa, na mchwa wakila kidogo ndiyo bahati njema. Kisha hutungiwa hadithi ya chifu aliyekufa. Wakusanyaji wenye pesa nyingi wamedanganywa hivyo mara nyingi, na pengine hapana haja ya kuwalilia sana. Lakini hasara yawarudia wachongaji wenyewe, maana mnunuzi akiisha kudanganywa mara moja hushuku kila kitu, hata kile kilicho halali, na bei ya kazi ya kweli hushuka.

Namna ya kupambanua haihitaji elimu kubwa. Yahitaji macho na subira. Kiti kilichokaliwa miaka arobaini hakichakai mahali pote sawasawa. Hulainika katikati na kwenye ukingo mahali kishikwapo, na miguu yake huliwa upande mmoja kwa sababu sakafu ya udongo haikuwa sawa. Barakoa iliyochezwa huwa na alama ndani kuliko nje: ndani ndimo lilimogusa paji la uso na pua, ndimo lilimoingia jasho, na matundu ya kamba huwa yamesuguliwa hata yakapanuka. Ikiwa nje ni kuukuu na ndani ni mbao mbichi yenye alama kali za tezo, hiyo haijamwona mchezaji. Pua nayo husaidia. Rangi ya viatu hunuka rangi ya viatu, na moshi wa miaka mingi jikoni hauwi sawa na moshi wa siku tatu. Matundu ya fukusi pia yatazamwe, maana mdudu hupindapinda njia yake ndani ya mti, na msumari huenda moja kwa moja.

Yako mambo mazito zaidi ya kudanganywa, nayo ni wizi. Katika pwani ya Kenya, Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda wana desturi ya kuwasimikia wazee wa chama cha Gohu nguzo ya mti mgumu iitwayo kigango. Nguzo hiyo hupita kimo cha mtu pengine, ina kichwa cha mviringo na kifua bapa kilichochorwa pembetatu ndogo ndogo. Kigango si kaburi, wala si sanamu ya kuabudiwa. Ni makao ya roho ya mzee yule, na ya kwake hupelekwa pombe na maneno ya heshima. Kikisimikwa hakiondolewi, hata ukoo ukihama, nacho huachwa kioze mahali pake. Sasa wakusanyaji wa Marekani walipoanza kuvipenda vigango kama sanaa, vijana wa huko huko walivin'goa usiku na kuviuza kwa vishilingi, wachuuzi wakavisafirisha, na mwisho wa safari viliuzwa kwa maelfu ya dola.

Habari ya Kalume Mwakiru imeandikwa mara nyingi, na inafaa kusimuliwa tena. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee huyo akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baadaye mtafiti alirudi kumpa picha, akakuta vigango vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka ilipita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanachuoni huko Marekani, Udvardy alimsikiliza mwenzake, Linda Giles, akionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha Jimbo la Illinois, na katika picha mojawapo akakitambua kigango cha mzee. Cha pili kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Cha kwanza kilirudishwa Kenya mwaka 2006 na cha pili mwaka 2007. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi. Jamaa zake walisema ya kwamba tangu wizi ule mabaya yalikuwa yakiuandama mji.

Vigango vile vilirudi kwa sababu ilikuwapo picha. Hilo ndilo neno la kushikwa hapa. Makumbusho ya Denver yaliachilia vigango 30 mwaka 2014, vikarudi Kenya mwaka 2019, lakini kwa vile hakuna aliyeandika kila kimoja kiling'olewa wapi na kilikuwa cha nani, kumpata mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kuvuka bahari. Vivyo hivyo kwa vitu vingine. Kati ya mwaka 2018 na 2021, Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii na wenzao wa Ujerumani walifanya hesabu ya vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje, wakapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 hivi. Vingine vilinunuliwa kwa halali, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa vitani. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na mwofisa wa Kiingereza mwaka 1905, zilikaa Uingereza miaka mia moja mpaka mtoto wa mwofisa huyo alipozirudisha mwaka 2006.

Hata hivyo isidhaniwe ya kwamba kukusanya vitu vya kale ni kazi ya wageni peke yao. Mkusanyaji mkubwa kuliko wote aliyetokea Kenya alikuwa mwana wa nchi, Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai. Wakaaji wa zamani wa Kaloleni walimjua katika siasa: viongozi wa K.A.U. walipokamatwa mwishoni mwa 1952, yeye ndiye aliyeshika kazi ya ukatibu mpaka akaenda uhamishoni London. Huko, akiwa hana mali nyingi, alianza kununua vitabu na vitu vya Afrika. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais kwa muda wa miezi michache, akajiuzulu. Mwaka 1972, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa mjini Nairobi. Murumbi alitakiwa auze makusanyo yake nje kwa bei nzuri, akapendelea yabaki Kenya, akaiuzia serikali. Alifariki mwaka 1990. Vitabu vyake na sehemu ya makusanyo yake vimo katika Nyaraka za Taifa, lile jengo lililokuwa benki, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Na vingine vimewekwa Nairobi Gallery, katika ofisi ya zamani ya mkuu wa jimbo iliyojengwa mwaka 1913. Mtu wa Eastlands ashukaye mjini kutafuta mahitaji yake hupita mlangoni pa Nyaraka kila juma bila kuingia. Na aingie siku moja, na watoto wake.

Si lazima mtu awe Makamu wa Rais ndipo akusanye. Mwenye mshahara mdogo aweza kukusanya vibuyu tu, au vijiko, au mbao za bao, au makopo ya ugoro ya wazee. Kitu kimoja kilichojulikana habari zake ni bora kuliko vitu ishirini vilivyonunuliwa kwa kukisia. Wala mkusanyaji mwema hanunui kitu ambacho muuzaji hawezi kueleza alikitoa wapi; kigango, kwa mfano, hakina muuzaji halali aonekanaye kichochoroni.

Sheria nayo ina maneno yake. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, isipokuwa vitabu na hati, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Fremu za milango zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1946 nazo zimelindwa. Kiti ambacho babu alikichonga mwaka 1935 hakimo katika hesabu hiyo, na mwenyewe aweza kukiuza apendavyo. Sheria haimkatazi, ila haimrudishii pia akijuta.

Na wakati wa kujuta ni wakati wa kuhama. Pangani ya kale ilipobomolewa mwaka 1939, wakaaji wake walihamishiwa Shauri Moyo na kila mmoja alichukua alichoweza kuchukua. Mtaa wa Pangani uliojengwa baadaye nao umekwisha kubomolewa ili kujengwa maghorofa, na mitaa mingine ya zamani imo katika mipango ya namna hiyo. Nyumba ya ghorofa haina pembe ya kuwekea kinu. Katika siku mbili tatu za kufunga mizigo, mambo ya miaka sitini huamuliwa kwa haraka: hiki kiende, hiki kitupwe, hiki apewe yule mnunuzi aliyesimama nje na mkokoteni. Mnunuzi huyo ajua siku za kuhama kuliko mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo kazi ifanywe mapema, wakati nyanya yungali akiweza kusema. Kitu kitolewe chini ya kitanda, kifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisioshwe kwa sabuni wala kusuguliwa kwa msasa wala kupakwa vanishi, maana weusi ule wa mikono na moshi ndio umri wake, na ukiisha kuondolewa haurudi. Kiwekwe juu ya matofali mawili, mbali na ukuta wenye unyevu, kwa ajili ya mchwa. Kikionekana kutoa unga mdogo chini yake, fukusi wamo, na kitengwe na vingine mara moja. Kisha kijana ajuaye kuandika aketi na nyanya, amwulize: ni nani aliyekichonga, mti wake waitwaje, kilitoka mji gani, nani aliruhusiwa kukikalia na nani alikatazwa, kililetwa Nairobi mwaka gani na kwa gari gani. Majibu yaandikwe kama alivyoyatamka, kwa lugha yake mwenyewe kama ndiyo aijuayo, na jina la kitu liandikwe kwa lugha hiyo. Karatasi itiwe ndani ya bahasha, na chini ya kiti, mahali pasipoonekana, liandikwe kwa penseli jina la mwenyewe na mwaka. Na kwa kuwa sasa kila nyumba ina simu yenye kamera, nyanya apigwe picha pamoja na kiti chake, mchana, nje ya mlango, na namba ya nyumba ionekane.